Nguo Yako na Macho ya Watu

Leo tuzungumze juu ya nguo, na maneno ambayo watu husema wanapotuona tumezivaa.

Tumfikirie binti mmoja wa Kayole. Jumamosi amenunua sketi ya mtumba pale Gikomba, kwa bei aliyoimudu. Jumatatu asubuhi anaivaa kwenda kazini. Mama yake anamwambia, "Mwanangu, naona sketi hiyo ni fupi." Kwenye bomba la maji majirani wananong'onezana. Kwenye steji makanga wanampigia miluzi na kumtukana. Hata hajapanda matatu, na siku yake imekwisha kuharibika. Afanye nini?

Kwanza, asiyahesabu maneno hayo yote kuwa mamoja. La mama ni shauri. Limesemwa nyumbani, kwa sauti ya chini, na mtu ampendaye. Binti na alisikilize na kulipima, hata kama mwisho hatalifuata. Anaweza kujibu kwa adabu, "Asante, mama, nitalifikiri."

La majirani ni umbeya. Ulimi hauna mfupa. Akibadili sketi leo, kesho watasema viatu. Huyo awasalimu na kwenda zake. Katika 1 Samweli 16:7 Mungu alimfundisha nabii kwamba wanadamu hutazama sura ya nje, bali yeye hutazama moyo. Neno hilo humtuliza anayesemwa, tena humwonya anayesema.

La makanga ni jambo jingine kabisa. Hapo hakuna shauri wala umbeya; ni dhuluma, na dhuluma ikiachwa hukua. Sisi wa Nairobi tumeyaona. Mnamo Novemba 2014, katikati ya jiji, kwenye kituo cha matatu ya kwenda Embakasi, wanaume walimzingira mwanamke na kumvua nguo mbele ya watu, wakidai amevaa vibaya. Tarehe 17 ya mwezi huo, wanawake wengi, na wanaume pamoja nao, waliandamana kutoka Uhuru Park kupinga tendo hilo. Desemba mwaka huo huo sheria ilibadilishwa, na kumvua mtu nguo kwa nguvu kukatajwa waziwazi kuwa kosa la jinai.

Lakini wako waliosema, hata ndani ya makanisa, "Alijitakia mwenyewe." Ndugu yangu, je, wewe pia ulisema hivyo? Soma Mathayo 5:28-29. Bwana Yesu anapozungumza juu ya tamaa, anamwambia mwenye jicho ashughulike na jicho lake. Hakumwagiza amshike yule anayetazamwa.

Tena kumbuka habari ya Nuhu katika Mwanzo sura ya 9. Mzee alilewa divai, akalala uchi hemani mwake. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Hamu aliona, akatoka nje kutangaza. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakaenda kinyumenyume wasimtazame baba yao, wakamfunika. Hawakungoja kwanza kuuliza amekosa au hakukosa.

Basi, dada yangu, vaa kwa dhamiri safi mbele za Mungu. Pokea shauri, pita umbeya, na ukitendewa jeuri usifiche kwa aibu, maana aibu si yako. Mwambie mtu unayemwamini, ukapige ripoti polisi. Nawe kaka unayesimama steji jioni ukingoja matatu ya Umoja au ya Dandora, siku ukisikia kelele zimeanza, usisukumane kwenda kutazama. Vua koti lako, umfunike dada yako, umpeleke mahali pa salama.

Tuombe. Ee Bwana, linda macho yetu na ndimi zetu, utupe ujasiri wa kuwafunika wanaoaibishwa. Amina.