Lile Tanga la Nani?

Ukitaka kumjua shabiki wa ngalawa wa Kigombe, usingoje sikukuu. Nenda pwani asubuhi, vyombo vinaporudi. Utawakuta wanawake wamekalia ndoo walizozipindua, kanga begani, macho baharini. Kwa mgeni, kule mbali hakuna kitu ila vipande vyeupe vinavyofanana. Kwao kila kipande kina mwenyewe. "Lile tanga la nani?" mmoja atauliza, na kabla hajafunga mdomo keshajibiwa: ni la fulani, si unaona kiraka cha turubai la bluu, na leo kapata, maana chombo kimekaa chini.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi wilayani Muheza, kwenye njia ya pwani itokayo Tanga mjini kwenda Pangani. Nyuma kuna mkonge, mbele kuna bahari na miamba. Wadigo, Wabondei, Wasegeju na Wazigua wamechanganyika humo kwa ndoa na kwa kazi. Uwanja wa michezo unaoweza kuutazama wote kwa jicho moja hakuna, na pengine ndiyo sababu ushabiki wa hapa umekuwa wa namna yake.

Kila asubuhi kuna mashindano yasiyo na kombe. Chombo kinachotangulia kufika hukuta wanunuzi wana hamu na fedha bado iko kibindoni. Cha tano hukuta ndoo zimejaa na mnadi sauti imemkauka. Nahodha anayekimbiza ngalawa kutoka mwambani hatafuti sifa, anakimbilia bei. Mama wa kukaanga samaki naye ana lake: akijua mapema nani anaingia na kabeba nini, anajua kama atoe elfu kumi yake sasa au aibane. Jumlisha asubuhi hizo kwa msimu mzima wa kusi, utapata msimamo wa manahodha ambao haukuandikwa popote, lakini hata mtoto wa madrasa anaweza kukutajia watatu wa juu.

Huko Ulaya kwenye theluji wana kitu kinachofanana na hiki. Tangu msimu wa 2006/2007 kuna Tour de Ski, mbio ndefu za kuteleza kwenye theluji zinazokimbiwa kwa hatua, siku baada ya siku, mwaka unapomalizika na mwingine unapoanza. Muda wa kila hatua hujumlishwa, na kwa miaka mingi hatua ya mwisho imekuwa kupanda mlima wa Alpe Cermis nchini Italia, wanamichezo wakifika juu wamelegea kama nguo iliyoloa. Shabiki wa mbio hizo hawezi kutazama siku moja akasema ameziona. Lazima ajue jana nani alichoka, juzi nani alianguka, na nani anajificha akingoja mlima. Mama wa ndoo wa Kigombe angemwelewa mara moja. Tofauti ni kwamba yule wa Ulaya huletewa hesabu na kompyuta, na huyu anayo kichwani pamoja na madeni ya watu.

Basi resi ya sikukuu, ile yenye kamati, zawadi na spika, ni hatua ya mwisho tu ya mbio ambazo pwani imekuwa ikizifuata kwa miezi. Siku yake haichaguliwi ovyo. Idi ya Mfunguo Mosi huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo huwa bamvua: asubuhi maji hukupwa mpaka mbali, kisha jioni ya saa kumi hivi hujaa mpaka kwenye minazi. Vyombo vikiondoka baada ya saa nane, maji yakiwa yanapanda, vitarudi na kuegama mbele ya watu kabisa. Idi ya Mfunguo Tatu huangukia mwezi kumi, karibu na maji mafu, na maji hujaa adhuhuri ikikaribia; hapo lazima uanze mapema, wapishi wa pilau wakasirike. Mwezi ukiwa mpevu nao ni wakati mzuri, kwa kuwa wavuvi wa dagaa wanaotegemea taa na giza hupumzika, na kijiji kinakuwa na watu.

Upande wa kushangilia huchagui, unazaliwa nao au unaolewa nao. Chombo ni cha mjomba, nahodha ni shemeji, anayefua maji ni mtoto wa jirani. Utashangilia nani mwingine? Wanawake wa upande mmoja hununua kanga sare, na maneno ya kanga hizo hayachaguliwi kwa bahati mbaya. Mwenye ndugu kwenye vyombo viwili huwa na siku ngumu. Nilimsikia bibi mmoja akiulizwa, "Bibi, leo uko wapi?" Akajibu, "Mie niko kivulini, mwanangu," na hakutoka hapo mpaka mwisho.

Kamari ni haramu, na kila mtu atakwambia hivyo. Kreti ya soda si kamari, au ndivyo walivyokubaliana. Kuhusu mambo mengine, dua husomwa waziwazi na ubani hufukizwa. Yaliyofungwa ndani ya kitambaa kwenye mlingoti hayaulizwi. Watu wa Tanga tumezoea kusingiziwa uganga kwenye kila ushindi, kuanzia mpira wa uwanja wa Mkwakwani hadi mtihani wa darasa la saba.

Mbio zenyewe shabiki huziona vipande vipande. Mwanzo huonekana vizuri: vijana wanasukuma, tanga linapanda, kelele. Baada ya hapo vyombo vinakwenda joshi kulitafuta boya nje, na kinachobaki ni kusoma. Hapo ndipo wazee waliostaafu bahari wanapopata siku yao. Mmoja husimama mbele, mkono juu ya nyusi, na kuwatangazia wengine: huyu kaingia ndani mno, maji yanamrudisha, yule kaenda nje, mnamcheka sasa lakini upepo uko huko. Mara nyingi husema kweli.

Kipande kinachopendwa kuliko vyote ni kugeuza tanga. Ngalawa yenyewe ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba kiasi kwamba bila zile mbao za mbavuni zinazoitwa matengo lingepinduka papo hapo. Tanga lake ni la pembetatu, limening'inia kwenye foromali. Kubadili upande maana yake foromali ivushwe mlingoti, kamba ya demani ilegezwe na kushikwa upya, na mtu aliyekalia tengo la upande wa upepo ahamie la pili bila kuchelewa. Kwa muda huo tanga halina upepo, linapiga makofi, na chombo kinasukwasukwa. Wakikosana kidogo tu, tengo linazama, mlingoti unalia. Waliotangulia kwa urefu wa vyombo vitatu wanaweza kuwa wa nne ndani ya pumzi chache. Pwani utasikia "Sasa! Sasa! Mshike!" utadhani wako humo ndani.

Kitu kingine wanachokitazama wenyewe ni upande wa shetri, ambako hukaa yule mdogo kuliko wote na kidumu kilichokatwa, akifua maji. Ukiona maji meupe yakimwagwa ubavuni taratibu, kwa mapigo yaleyale, chombo ni kizima. Mapigo yakienda haraka, kalafati imeachia, na mwenye chombo huanza kutazama miguu yake. Mapigo yakikoma bila kuanza tena, basi mtoto kachoka au wamemwita avute kamba, na yote mawili ni habari mbaya. Wanaotazama nahodha tu hawajajua ngalawa.

Kisha vyombo vinapotea nyuma ya mikoko. Vijana hupanda bodaboda, watatu watatu, kwenda upande wa Mwarongo kutafuta uwazi wa kuchungulia, na simu zinaanza: wamepita wawili, wa bluu anaongoza, hapana, si yule wa bluu. Nusu ya habari hizo ni za uongo wa makusudi, maana aliyepiga simu ana kreti yake ya soda. Ngoma haisimami. Sengenya ikikolea, kuna wanaosahau kabisa bahari.

Kule nje kuna miamba isiyotaka mchezo. Aprili 1498 São Rafael, mojawapo ya vyombo vya Vasco da Gama, ilipanda fungu pwani hiihii ya Mtang'ata, kaskazini kidogo ya Kigombe. Watu wa hapa wakaiendea kwa mitumbwi, wamechukua machungwa, na Wareno wakaandika kwamba yalikuwa mazuri kuliko ya kwao. Maji yalipojaa ikaelea. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi na mabaharia wamepukutika, wakaichoma moto wenyewe maeneo hayohayo. Nahodha wa Kigombe anayekata karibu na mwamba ili aokoe muda anajua anachokifanya, na shangazi zake pwani wanajua pia. Ndiyo maana wengine hugeuza uso.

Mshindi akifika hubebwa, spika hupasuka, zawadi hutolewa na baadaye kugawanywa kama samaki: fungu la chombo, fungu la nahodha, mafungu ya mabaharia. Mgeni hapo huona mambo yamekwisha na kuanza kutafuta usafiri. Wenyeji hawaondoki. Wanapiga kelele, wanacheza, lakini hesabu inaendelea: vimeingia vingapi, bado nani.

Kwingine kumngoja wa mwisho ni jambo la kusifiwa. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Philip Boit wa Kenya alikimbia kilomita 10 kwenye theluji, miaka miwili tu baada ya kupelekwa Finland kujifunza. Alifika wa 92, wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alikuwa anamngoja mstarini, akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie. Dunia ikaisifu ile subira, na ilistahili.

Kigombe hakuna anayesifiwa kwa kungoja. Chombo kisichorudi si mshiriki aliyechelewa. Ni watoto wa watu walioko majini, na jua linatua. Ikipita nusu saa bila tanga kuonekana, kamati inaacha kuwa kamati: mmoja anatafuta boti yenye mashine, mwingine anachangisha petroli, na mshindi wa leo ndiye anayeingia wa kwanza kwenda kutafuta. Mara nyingi huwa ni mlingoti uliovunjika tu, na waliovunjikiwa hurudi wakivutwa kwa kamba na kupigiwa vigelegele vingi kuliko wa tatu.

Kampuni moja ya Uingereza, The Adventurists, imewahi kuandaa mbio za ngalawa za siku kadhaa kati ya visiwa vya pwani ya Tanzania. Wageni waliendesha vyombo wenyewe, watatu kila ngalawa, wakilala walikofika. Nilipomsimulia mvuvi mmoja, hakuuliza nani alishinda. Aliuliza katika wale watatu nani alikuwa anafua maji, na walikuwa wakibadilishana saa ngapi.

Swali hilo limerudi hivi karibuni kwa sura nyingine. Boti za faiba na mashine zimeingia pwani nzima, mafundi wa kuchonga wamepungua, na mwembe mnene wa kutoa ngalawa haupatikani kirahisi. Vijana wanataka faiba nazo ziruhusiwe kwenye resi, zivuliwe mashine na kuwekwa tanga. Wazee wamekataa. Faiba ni nyepesi, wanasema, haitakuwa haki. Tena haivuji, sasa yule mdogo atakaa shetri kufanya nini, na unahodha atauanzia wapi? Vijana wamejibu kwamba mtoto anaweza kujifunza kwa njia nyingine. Bado hawajasema ipi.