Chakula Kilichomkataa Mtoto

Halipiti juma bila ya mzazi mmoja, aghalabu msomi mwenye haraka ya kurejea kazini, kuketi mbele yangu na mwanawe magotini, akaniuliza swali lile lile kwa maneno yale yale: "Daktari, wapi hapa mjini wanapima vyakula vyote kwa mara moja, nijue ni kipi kinachomkataa mtoto?" Miaka mingi nimelijibu swali hilo kwa taratibu, nikimweleza kila mmoja peke yake kwamba kipimo cha namna hiyo hakipo, si Dar es Salaam, si London, wala si Marekani, na madhali upole wangu haukuzaa ila swali lile lile juma lililofuata, nimeona heri nilijibu kwa kalamu, tena kwa kirefu, ili atakayeniuliza baada ya leo nijue kwamba ama hakusoma, ama amesoma akataka kunichokoza tu.

Wauzao kipimo kisichokuwapo huuza karatasi, na karatasi zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza hutoka katika kimashine kilichounganishwa na kompyuta ndogo: mtoto hushikishwa kijiti cha chuma kiganjani kwa muda wa dakika moja, mwenye mashine akaandika umri, jinsia, kimo na uzito, kisha zikatoka kurasa tele zenye habari za ini, figo na mifupa, na mwisho wake orodha ya vyakula, kana kwamba ni fatwa, hiki halali na hiki haramu. Juu ya kijiti hicho sina maneno mengi, kwa kuwa hakijui yaliyomo tumboni mwa mtoto kama vile upawa usivyojua ladha ya mchuzi unaoteka. Mama mmoja aliniletea orodha iliyomharamishia mwanawe wa miezi 14 samaki wa samoni na mkate wa rai. Nikamwuliza ni lini mtoto huyo, mzaliwa wa Temeke aliyelelewa kwa uji, ndizi na mchuzi wa changu, alipokutana na samoni. Akacheka, nami nikacheka, lakini fedha yake ilikwisha kwenda.

Karatasi ya namna ya pili ndiyo inayowahadaa wenye elimu, kwa sababu imevaa joho la sayansi. Hapa damu hutolewa kwa sindano ya kweli, ikapelekwa maabara ya kweli, pengine ya ng'ambo, na majibu yakarejea na tarakimu za kweli, kila chakula kimetiwa rangi yake, nyekundu kwa cha kuepukwa, manjano kwa cha kutahadhariwa, kijani kwa cha kuliwa. Kinachohesabiwa humo ni kingamwili za aina ya IgG, nami sina ugomvi na hesabu yenyewe. Hadaa imo katika tafsiri. Kila mtu alapo, chembe chache za protini ya chakula hupenya ukuta wa utumbo zikaingia damuni, na walinzi wa mwili, mfano wa bawabu mwenye daftari la wageni, huandika jina la kila aingiaye. Ajaye kila siku ndiye ambaye jina lake limejirudia mara nyingi: mleta maziwa, mwuza mayai, mwalimu wa chuo. Sasa mtu akilitwaa daftari lile, akayahesabu majina, kisha akaamuru kwamba waliojirudia ndio wezi na wakamatwe mara moja, atamfunga mleta maziwa na mwalimu pamoja naye, ilhali mwizi mwenyewe, aliyeruka ukuta usiku, jina lake halimo kabisa.

Ndiyo maana karatasi hizo, mtoto awe na taabu asiwe nayo, huwekea rangi nyekundu maziwa, mayai na ngano, yaani vile anavyovila kila siku, na mama akiviona hupigwa na butwaa, akasema, "Kweli kabisa, hivi ndivyo anavyokula!", akayatwaa hayo kuwa ushahidi wa kukitia chakula hatiani, na kumbe ndio ushahidi wa kukitoa. Haya si maoni yangu peke yangu: mwaka 2008 jumuiya ya matabibu wa mzio wa Ulaya ilitoa waraka ikiwaambia wanachama wake kwamba kingamwili hizo huonyesha tu kuwa mtu amekula chakula na mwili umekizoea, hivyo zisitumiwe kutafutia maradhi, na wenzao wa Marekani na Kanada, mwaka 2010 na 2012, wakanena vivyo hivyo. Zaidi ya miaka kumi imepita, na biashara inanawiri.

Atasimama mwenye kujua akaniambia kwamba vipo vipimo vya haki vya mzio, kile cha kuchomwa ngozi kidogo na kile cha kingamwili za IgE. Naam, vipo, lakini vyenyewe humhoji mtuhumiwa mmoja ambaye kisa cha mtoto kimekwisha kumtaja, na havijui lolote juu ya chakula kinacholisumbua tumbo pasipo kuishughulisha kinga ya mwili. Tena watoto wengi hupata jibu la "ndiyo" juu ya vyakula wanavyovila bila ya taabu yoyote, na hapo, baina ya karatasi na mtoto, mtoto ndiye mkweli.

Ningalinyamaza lau hasara ingalikuwa ya fedha tu. Katika nchi ambayo utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, nimeletewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, wa nyumba yenye uwezo, aliyenyimwa maziwa, mayai, samaki, ngano na maharage kwa miezi mitano kwa amri ya karatasi, mikono yake imekuwa kama vijiti na mstari wake katika kadi ya kliniki umelala kama kamba iliyolegea. Wazazi wa jana walidanganywa kwamba mtoto anayehara na kutapika ana meno ya plastiki, wakampeleka kuchokolewa fizi kwa chuma kichafu, au kwamba ana kimeo, kikakatwa. Leo tunawacheka wazee wale, ilhali tunawanyima watoto wetu chakula kwa dhana iliyo batili vile vile, ila imepigwa chapa kwa rangi.

Na kumnyima mtoto chakula si lazima kumkinge. Madaktari wa watoto wa Marekani walishauri mwaka 2000 kwamba watoto wenye hatari ya mzio wasionje karanga mpaka watimize miaka mitatu, kisha wakaufuta ushauri huo mwaka 2008 kwa kukosa ushahidi. Na mwaka 2015 mtafiti Gideon Lack na wenzake wa London wakatangaza habari za watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai, walioanza kufuatiliwa wakiwa na umri wa baina ya miezi 4 na 11, kwamba walioepushwa na karanga, kiasi cha 17 katika kila mia walikuwa na mzio wa karanga walipofika miaka mitano, na waliolishwa karanga hawakuzidi watatu katika mia ila kwa chembe.

Lakini penye maziwa ndipo pana porojo nyingi kuliko pote. Huambiwa mama wa mtoto wa miezi minne, anyonyaye na kunenepa, kwamba laktosi, ndiyo sukari ya maziwa, inamkataa, kwa hiyo amwachishe ziwa. Ilhali maziwa ya mama yana kiasi cha gramu 7 za sukari hiyo katika kila mililita 100, na ya ng'ombe hayatimizi 5, na mtoto ambaye kweli amezaliwa bila ya uwezo wa kuisaga, ambaye ni nadra mno, hanenepi kwa ziwa la mama yake. Ni kweli kwamba wengi wetu hupungukiwa na uwezo huo tukisha kukua, isipokuwa baadhi ya jamaa, hasa wa makabila ya wafugaji, ambao mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walibainisha mwaka 2007 kwamba wako wa Tanzania, Kenya na Sudani waliorithi mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba, mbali na yale ya Wazungu, yawawezeshayo kunywa maziwa hata uzeeni. Walakini hayo ni mambo ya wakubwa na ya watoto waliokwisha kukua. Mdogo hupungukiwa kwa muda tu, baada ya kuhara kukali kukwangua utando wa utumbo wake, na utando huo humea upya kwa majuma machache. Na maziwa ya mbuzi, ambayo kila jirani huyapendekeza, protini zake zafanana mno na za ng'ombe, hata mwenye mzio wa haya aghalabu atadhurika kwa yale.

Basi afanyeje mzazi? Nitasema upesi, kwa kuwa yenyewe si mengi. Mtoto akivimba midomo, akabanwa na pumzi, akalegea, au akatokwa na mabaka na kutapika baada ya kula, hospitali saa hiyo hiyo, akachomwe adrenalini, wala chakula hicho kisijaribiwe tena nyumbani. Akitoa damu chooni, akitapika kila siku, au mstari wa kadi ukilala, muone daktari kabla hujaondoa chochote. Akiwa amehara, mpe maji ya ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, aendelee kunyonya na kula, na usubiri. Akiwa na mwaka mmoja mpaka minne, anacheza, ananenepa, ila choo chake ni chepesi chenye vipande vya karoti, punguza juisi kabla ya kushitaki chakula kingine. Unga wa lishe wenye nafaka kumi pamoja na karanga na soya uweke kando, upike uji wa nafaka moja, maana katika umati hakamatwi mwizi. Ukimshuku mtuhumiwa mmoja, mwondoe huyo peke yake kwa majuma mawili hadi manne, uandike alichokula mtoto, saa, na choo chake; kisha, na hapa ndipo wengi huishia njiani, mrudishe, uone kama taabu inarudi naye, kwani taabu iliyoondoka bila ya kurudi haijathibitisha neno, huenda ingeondoka yenyewe. Ukiondoa maziwa kwa muda mrefu, weka badala yake, dagaa waliosagwa pamoja na miiba yao hawakosi sokoni, na kila baada ya miezi kadha ujaribu tena kwa shauri la daktari, maana watoto wengi wenye mzio wa maziwa hupona wakikua.

Ukija kwangu, njoo na kadi ya kliniki na daftari uliloandika kwa mkono wako. Karatasi ya rangi tatu iache nyumbani, watoto waichoree nyuma.