Kuitambua Karnotaiti Uwandani: Mfano wa Kintinku, Wilaya ya Manyoni

Makala hii inajadili swali ambalo ripoti za uwandani hulijibu kwa haraka mno: mtafiti anapookota gamba lenye utando wa manjano huko Kintinku, na kipimo chake cha mionzi kikaanza kulia, ana haki ya kuliandikia jina gani?

Kintinku imo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, mahali ambapo Reli ya Kati, ikitokea Bahi, inakaribia kuupanda mwinuko wa kwenda Manyoni. Maji ya mvua huteremka kutoka kwenye miamba ya itale na kutuama mbugani, kwa kuwa hayana njia ya kufika baharini. Kiangazi huyakausha, na chokaa hubaki chini ya udongo kama gamba gumu. Maji hayohayo hubeba urani kidogo iliyoyeyuka kutoka katika itale. Ikikutana na vanadi na potasiamu penye uvukizi mkali, karnotaiti huweza kuganda katika nyufa za gamba hilo. Mazingira ya namna hiyo ndiyo yaliyoivuta kampuni ya Uranex ya Australia kufanya utafiti Manyoni na Bahi katika miaka ya 2000.

Karnotaiti ilielezwa kisayansi mwaka 1899 na Friedel na Cumenge kutokana na sampuli za Colorado, Marekani. Ni ya manjano iliyokolea, laini, na kwa kawaida huonekana kama unga au utando mwembamba. Hata hivyo, rangi ni shahidi dhaifu. Oksidi za chuma nazo huwa na umanjano, na tiuyamuniti, ambayo ina kalsiamu mahali pa potasiamu, haitofautishwi na karnotaiti kwa macho. Katika gamba lililojaa kalsiamu, uwezekano huo si wa kupuuzwa.

Taa ya urujuanimno husaidia kwa kukanusha zaidi kuliko kuthibitisha. Karnotaiti haing'ai chini yake, ilhali otuniti hung'aa kijani-manjano kwa nguvu. Lakini opali iliyomo ndani ya gamba huweza kung'aa kijani kwa sababu ya urani kidogo sana, na mtafiti mgeni akaishangilia bure.

Asidi nayo ina mtego wake. Rutherfodini, madini adimu ya urani ambayo Marckwald aliyaeleza mwaka 1906 kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, ni kaboneti, na kwa hiyo mtu angetarajia asidi iitenganishe na karnotaiti. Huko Kintinku tone la asidi litachemka kwa vyovyote, kwa kuwa mwamba wenyewe ni chokaa. Jaribio hilo halina maana mpaka chembe za manjano zitengwe kabisa.

Kubwa zaidi ni suala la kipimo chenyewe. Itale ina potasiamu na thori, hivyo mlio ukiongezeka haimaanishi kuwa urani imeongezeka. Spektrometa ya gama hutenganisha vyanzo hivyo, lakini kwa upande wa urani husoma hasa miale ya bismuthi-214, ambayo ni kizazi cha radiamu. Thori-230, inayotangulia radiamu katika mnyororo huo, ina nusu-uhai wa takriban miaka 75,000. Katika gamba changa, urani iliyowekwa karibuni haijapata muda wa kuzaa kizazi chake chote, na kipimo kitaipunja. Maji yakiihamisha urani na kuiacha radiamu nyuma, kipimo kitaizidisha. Kwa maoni ya mwandishi, ramani ya gama ya mbuga kama hii isichapishwe bila sampuli kadhaa kupimwa urani yenyewe kwa kemia.

Suala hili halihusu wanajiolojia peke yao. Bonde hili ni la mashamba ya mpunga na malisho; neno “urani” likishaandikwa, humfikia mwenye shamba kabla ya kiasi chake kujulikana. Kwa hiyo lebo ya uwandani iseme: “madini ya manjano, yana unururifu, hayajathibitishwa”, pamoja na kina, usomaji wa kipimo, na usomaji wa udongo wa jirani usio na umanjano. Sampuli isisagwe uwandani, kwa kuwa vumbi likivutwa puani ni hatari kuliko jiwe lililofungwa mfukoni. Jina “karnotaiti” lisubiri uchunguzi wa fuwele kwa mionzi-X na kipimo cha potasiamu na kalsiamu katika chembe zilizotengwa.