Jamaa ya Mkaa Anayewaka Bila Moto

Usiku usio na mwezi ukisimama Bangwe utaona ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za ledi za betri. Tukiwa likizo, mzee mmoja mvuvi alituonyesha simu ya mwanawe akatuuliza, "Mafrateri, kioo hiki kinawaka bila utambi. Ndani mna nini?" Tulijibu nusunusu, tukaona haya. Makala haya ndiyo jibu letu.

Chuma hupitisha umeme, plastiki huuzuia. Katikati kuna semikondakta, ambayo huupitisha kwa masharti. Taa ya mvuvi hutumia semikondakta ya fuwele ngumu. Vioo vya simu nyingi za bei ya juu hutumia semikondakta ogania, yaani molekuli za kaboni, elementi ileile iliyo katika mkaa. Katika molekuli hizo atomi za kaboni hushikana kwa bondi moja, kisha bondi mbili, kwa kupokezana. Mpangilio huo huziachia elektroni nafasi ya kutembea.

Ugunduzi huu ulisaidiwa na kosa. Mwaka 1967, katika maabara alimofanya kazi Hideki Shirakawa huko Tokyo, kichocheo kiliwekwa mara elfu moja ya kipimo, ukapatikana utando unaong'aa kama fedha. Mwaka 1977, yeye pamoja na Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba utando huo ukitiwa iodini hupitisha umeme vizuri sana. Mwaka 2000 walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kabla ya hapo, mwaka 1987, Ching Tang na Steven Van Slyke wa kampuni ya Kodak walitangaza taa ya tabaka nyembamba za molekuli hizo.

Taa hiyo hufanyaje kazi? Upande mmoja huingiza elektroni. Upande wa pili huziondoa na kuacha matundu. Elektroni ikikutana na tundu, nishati hutoka kama nuru. Ukibadili molekuli, rangi nayo hubadilika.

Kazi hiyo hugeuzwa pia: nuru ikiangukia tabaka, umeme hutokea. Hicho ni kihisio. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliunganisha taa nyekundu, taa ya kijani na kihisio, vyote vya ogania, wakapima oksijeni ya damu kupitia kidole. Damu yenye oksijeni hufyonza nuru tofauti na isiyo nayo.

Hapa ndipo jambo linapotugusa. Mtoto mwenye nimonia akiletwa kwa mtumbwi usiku, zahanati inahitaji kipimo hicho. Tabaka za ogania zinaweza kuchapwa juu ya plastiki laini, kwa hiyo kuna tumaini la vipimo vya bei nafuu. Adui yake ni maji na hewa, ambavyo huziharibu upesi zisipofunikwa vizuri. Na molekuli za buluu huchakaa mapema. Kwa mtumbwini, taa ya fuwele bado inafaa zaidi.

Darasani tunasoma kwa Aristotle kwamba kitu hubeba uwezekano kabla haujadhihirika. Basi mzee wetu, ndani ya kioo kile mna jamaa ya mkaa, aliyepangwa vizuri. Na simu ya mwanao, usiiache ikalowa.