Uzito Unakwenda Wapi?

Simama mbele ya tanuru la matofali kabla halijawashwa, uchungulie mdomo wa kuni. Juu ya tundu lile hakuna chuma wala boriti. Fundi amepanga matofali ngazi kwa ngazi, kila safu ikijitokeza ndani kidogo kuliko ile ya chini yake, mpaka pande mbili zikakutana. Mzigo wote wa tanuru unakaa juu, na tundu halizibiki. Anayekulia Bagira, hapa Bukavu, akiona kazi hiyo ameshaanza somo lililowashughulisha mafundi wa Ulaya miaka elfu moja iliyopita.

Mafundi hao ndio waliojenga makanisa ya mtindo wa Kiromaneski, hasa katika karne ya 11 na ya 12. Dari za mbao ziliungua mara kwa mara, basi wakataka dari za mawe. Jibu lao lilikuwa tao la nusu duara. Walisimamisha kiunzi cha mbao, wakapanga juu yake mawe yaliyochongwa kama kabari, wakamalizia na jiwe la katikati, kisha wakaondoa kiunzi. Kila jiwe linataka kuanguka, lakini kwa kuwa ni pana juu na jembamba chini, linabanwa na jirani zake. Figa moja haliinjiki chungu. Na jiwe moja halifanyi tao.

Jiwe huvumilia sana kubanwa, ila halivumilii kuvutwa. Tao hulibana tu, na hapo ndipo penye nguvu yake. Lakini uzito haupotei. Egemeaneni viganja wewe na mwenzako, kisha kila mmoja arudi nyuma hatua moja: miguu itataka kuteleza. Vivyo hivyo, tao husukuma kuta zake ziende nje. Ndiyo maana makanisa hayo yana kuta nene, madirisha machache na madogo, na kiza cha utulivu ndani.

Penye egemeo dogo, jengo husema. Katika kanisa la Vézelay, Ufaransa, kuta ziliinama nje na matao yakabonyea. Mwaka 1840 kazi ya kuliokoa alipewa Viollet-le-Duc, msanifu majengo kijana wa miaka 26.

Tao lilizaa hata sanaa. Juu ya mlango, tao hubeba mzigo wa ukuta, hivyo nafasi ya nusu duara iliyo chini yake haina kazi nzito: inaweza kuchongwa. Katika katedrali ya Autun, huko huko Ufaransa, nafasi hiyo imejaa Hukumu ya Mwisho, na chini ya miguu ya Kristo limechongwa jina Gislebertus, linalodhaniwa kuwa la mchongaji. Mwaka 1766 mchongo ulifunikwa kwa lipu kwa kuwa haukupendeza tena macho ya wakati ule. Lipu hiyo ikaulinda wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, hadi ulipofunuliwa mwaka 1837.

Kwetu Afrika Mashariki, dari ya tao ndefu kama pipa lililopasuliwa ipo Zanzibar, katika kanisa kuu la Kianglikana ambalo Askofu Edward Steere alilijenga katika miaka ya 1870 palipokuwa soko la watumwa. Aliimimina kwa saruji na matumbawe yaliyopondwa. Wapo waliosema ingeanguka, ingali imesimama.

Hapa Bukavu, kuba la katedrali ya Mama Yetu wa Amani lina umbo la tao lililozungushwa pande zote. Lakini ardhi yetu ina sharti lake. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lenye kipimo cha 5.9 lilipiga kandokando ya Ziwa Kivu, na ng'ambo, Rwanda, kanisa likawaporomokea waumini. Tetemeko huvuta ukuta huku na huku, na kuvutwa ndiko tofali lisikokuweza.

Dawa yake inajulikana: mkanda wa zege wenye vyuma, uzunguke kuta zote juu ya madirisha na milango, uzishike pamoja kama mshipi. Chuma hupokea mvuto ambao tofali halina uwezo nao. Mtu anayejenga kwenye miteremko ya Bagira, hata vyumba viwili tu, asiuruke mkanda huo ili kuokoa pesa. Amwulize fundi wake kabla ya kuezeka: uzito huu unakwenda wapi, na ardhi ikitikisika, nani ataushika?