KIASI CHA MWENDO WA MOTOKAA MJINI: HUPANGWAJE?

Mara nyingi dereva apitapo mjini huona kibao chenye namba, akajiuliza: Ni nani aliyeamua kwamba mwendo hapa usizidi kiasi hiki? Wako wasemao kwamba namba hizo hubuniwa tu ofisini. Sivyo. Yafaa basi tueleze jinsi kazi hiyo ifanywavyo, na mfano wetu ni mji wa Seattle, katika jimbo la Washington, Marekani.

Desturi ya miaka mingi huko Marekani ilikuwa hivi. Mainjinia walikwenda barabarani na vyombo vya kupimia mwendo, wakatafuta ule mwendo ambao katika kila motokaa 100, motokaa 85 hazikuupita. Kisha kibao kiliandikwa namba iliyo karibu na mwendo huo. Hoja yao ilikuwa kwamba madereva walio wengi wana busara, na tena motokaa zikienda mwendo ulio sawa hazigongani sana.

Katika barabara kuu za nje ya miji hoja hiyo yaweza kufaa, lakini mjini ina kasoro mbili. Kwanza, aulizwaye ni dereva peke yake. Mtoto aendaye shule, mzee na mwenye baisikeli hawahesabiwi. Pili, barabara ikiwa pana na iliyonyooka, madereva hukaza mwendo. Wakipimwa, namba hupandishwa. Nao huzidi kukaza. Hivyo mwenye haraka huwa ndiye mtunga sheria.

Tazama hatari yake. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza chaeleza kwamba motokaa iendayo maili 20 kwa saa husimama baada ya meta 12, tangu dereva aonapo hatari. Kwa maili 30 ni meta 23, na kwa maili 40 ni meta 36. Mtoto akitokea ghafula meta 15 mbele, dereva wa maili 20 atasimama kabla ya kumfikia. Dereva wa maili 30 atamgonga.

Kwa sababu hiyo miji mingi imebadili njia yake. Mwaka 2013 sheria ya jimbo la Washington iliiruhusu miji kuweka mwendo wa maili 20 katika njia ndogo za makazi bila ya upimaji ule mrefu. Mwaka 2016 Baraza la Mji wa Seattle liliamua kwamba, pasipokuwa na kibao, njia hizo ziwe za maili 20 badala ya 25, na njia kubwa ziwe za maili 25 badala ya 30. Kisha njia kubwa zenye vibao vyake ziliangaliwa upya, na mwishoni mwa mwaka 2019 mji ulitangaza kwamba nyingi katika hizo zitapewa maili 25.

Kabla ya hapo mji ulikuwa umefanya jaribio. Katika mitaa michache vibao vya maili 25 viliongezwa na kusogezwa karibu karibu, bila ya kuongeza askari. Ajali zilipungua, na motokaa zilizozidi maili 40 zikapungua kwa zaidi ya nusu.

Hata hivyo vifo havijakwisha Seattle. Kibao peke yake hakitoshi kama barabara yenyewe yamwalika dereva kukimbia. Ndiyo maana mainjinia huongeza matuta, hupunguza upana wa njia na hutengeneza vivuko vya waendao kwa miguu.

Hapa Kenya sheria yasema kwamba ndani ya miji na vituo vya biashara mwendo usizidi kilometa 50 kwa saa, yaani kama maili 31. Dereva na akumbuke kwamba hicho ndicho kikomo, si amri ya kukifikia. Penye shule au soko, mwenye akili hupunguza kabla ya kuambiwa na kibao.