Mshipa wa mguu umeziba: Je, upasuaji wa baipasi unaokoa mguu?

Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, kilomita 112.3, ina lengo moja: malori yasilazimike kupita katikati ya mji.

Baipasi ya mguu ni hivyo hivyo. Daktari hazibui mshipa ulioziba. Anachukua vena, mara nyingi ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, anaiunganisha juu na chini ya palipoziba, na damu inapita pembeni.

Swali la familia huwa moja tu: mguu utapona au utakatwa?

Matokeo yakoje?

Vena ya mgonjwa mwenyewe hudumu zaidi kuliko mshipa wa bandia, hasa ukiunganishwa chini ya goti.

Utafiti wa BEST-CLI wa mwaka 2022 ulihusisha wagonjwa 1,830. Kwa wenye vena nzuri, waliofariki, kukatwa mguu au kurudiwa matibabu makubwa walikuwa takriban 43 kati ya kila 100 waliofanyiwa baipasi. Waliopanuliwa mshipa kwa puto na njia kama hizo walikuwa 57.

Lakini mwaka 2023 utafiti wa BASIL-2, wagonjwa 345 walioziba chini ya goti, ulitoa jibu tofauti: waliokatwa mguu au kufariki ni 63 kati ya 100 upande wa baipasi, na 53 upande wa puto.

Maana yake? Hakuna njia moja ya kila mtu. Daktari anaangalia ubora wa vena, palipoziba na hali ya moyo. Na namba hizo ni kubwa kwa sababu wengi hufika ugonjwa umeshakomaa, na mishipa ya moyo nayo imeguswa.

Usisubiri kidonda

Kigimbi kinauma ukitembea, ukisimama kinaacha? Usiseme ni uzee tu. Maumivu ya usiku yanayopungua ukining'iniza mguu, au kidonda kisichopona, ni hatari zaidi, hasa kama una kisukari au unavuta sigara.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: presha ya kifundo cha mguu inalinganishwa na ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9, damu haifiki vizuri.

Uko Kongwa, Chemba au Mpwapwa? Anza kituo cha afya, uliza kuhusu rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Mguu ukipoa ghafla, ukapauka na kuuma sana, hiyo ni dharura. Kila saa ina maana, usisubiri kesho.

Baada ya upasuaji

Baipasi haiondoi ugonjwa. Acha sigara kabisa, meza aspirini na dawa ya lehemu kama ulivyoandikiwa, dhibiti sukari na presha, kagua miguu kila siku. Usipofanya hivyo, hata njia mpya itaziba.